Mhudumu yuko kitandani, roboti iko mgahawani

MTEJA anayeingia katika mgahawa wa DAWN ulioko Nihonbashi, jijini Tokyo, hukuta mezani roboti ndogo nyeupe yenye kimo cha sentimita 23, fupi kuliko chupa ya soda ya lita moja. Roboti hiyo humgeuzia uso, huinua mkono kumsalimia, kisha humuuliza atakunywa nini.

Anayeuliza si mashine. Ni mtu, na mtu huyo hayupo mgahawani. Anaweza kuwa Hiroshima, kilomita 800 hivi kwa reli, amelala chali nyumbani kwake. Miongoni mwa wahudumu hawa wapo wasioweza kunyanyua hata kikombe kitupu, na wapo ambao katika mwili mzima viungo vinavyowatii vizuri ni macho tu. Hata hivyo wako zamu, na saa zao zinahesabiwa na kulipwa.

Mfanyabiashara akisikia habari hii atauliza jambo moja kwanza: mtu asiyeweza kubonyeza kitufe anaiendeshaje roboti? Swali hilo limewasumbua mafundi miaka mingi, pengine kuliko kazi ya kuunda roboti yenyewe. Na jibu lake ndilo linaloamua kama mtu wa namna hiyo atapata ujira au atabaki kutazama dari.

Kahawa ya bosi

Kampuni iliyotengeneza roboti hiyo, OryLab, ilianzishwa mwaka 2012 na Kentaro Yoshifuji, ambaye utotoni alikosa shule kwa miaka mitatu na nusu kwa sababu ya maradhi. Roboti yake aliipa jina OriHime. Hilo ni jina la binti mfumaji katika hadithi ya kale ya Wajapani, aliyetenganishwa na mumewe kwa mto wa nyota angani, wakaruhusiwa kuonana mara moja tu kwa mwaka.

Mmoja wa watu wa mwanzo kuitumia alikuwa Shota Banda. Aliumia uti wa mgongo katika ajali ya barabarani akiwa na umri wa miaka minne, akaishi kitandani zaidi ya miaka 20. Kompyuta aliiendesha kwa kidevu. Kwa kidevu hicho alimwandikia Yoshifuji, wakafahamiana, na hatimaye akawa katibu wake, akipanga ratiba ya bosi bila kutoka nyumbani. Yoshifuji amesimulia kwamba siku moja alimtania: katibu gani huyu asiyeweza kumletea bosi wake kahawa? Banda akamrudishia kwamba basi amtengenezee mwili wa kuibebea.

Banda alifariki dunia mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 28. Mwaka uliofuata mwili aliouomba ukatoka. Ni OriHime-D, roboti yenye kimo cha sentimita 120, yenye uwezo wa kutembea na kubeba kinywaji hadi mezani. Kati ya Novemba na Desemba 2018 mgahawa wa majaribio ulifunguliwa kwa siku chache katika jengo la taasisi ya Nippon Foundation, eneo la Akasaka, na watu 10 wenye ulemavu mkubwa wakawahudumia wateja wakiwa majumbani mwao. Walilipwa yeni 1,000 kwa saa.

Kima cha chini cha mshahara jijini Tokyo wakati huo kilikuwa yeni 985. Yeni 15 za ziada si fedha za kumtajirisha mtu, lakini zinaeleza jinsi kazi hiyo ilivyochukuliwa. Hazikuwa fedha za pole. Ulikuwa ujira wa mhudumu wa mgahawa, kama anaoupata mwanafunzi anayebeba sinia jioni baada ya masomo.

Mgahawa wa kudumu ulifunguliwa Juni 2021, ukiwa na waendeshaji wapatao 50, na mwaka huohuo roboti pamoja na mgahawa vilitunukiwa zawadi kuu ya Good Design, tuzo ya ubunifu inayoheshimika sana Japani. Wahudumu wa kawaida wenye miguu yao wapo pia, maana chakula hakijipiki na meza hazijifuti. Roboti hazikuletwa kuwaondoa hao.

Amri bila mkono

Juhudi za kumpa mtu aliyepooza namna ya kuamuru mashine ni za zamani kuliko intaneti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, Reg Maling alitengeneza kifaa kilichoendeshwa kwa mrija mdomoni. Mgonjwa alinyonya au kupuliza, na kwa pumzi hizo mbili aliweza kuita muuguzi, kuwasha taa na hata kupiga chapa. Kifaa kiliitwa Possum, neno ambalo kwa Kilatini maana yake ni "naweza". Mrija wa kunyonya na kupuliza unatumika hadi leo kwenye viti vya magurudumu vya umeme.

Mrija unahitaji pumzi yenye nguvu na midomo inayofumba. Wapo wasio na hivyo. Ugonjwa wa ALS, ambao huua polepole neva zinazoendesha misuli, huchukua mikono, miguu, sauti na mwishowe pumzi, lakini kwa kawaida macho huachwa hadi mwisho kabisa. Kwa mgonjwa kama huyo, jicho ndilo mkono uliobaki.

Kifaa cha kusoma macho si cha ajabu kikielezwa. Chini ya skrini huwekwa taa ndogo za miale isiyoonekana na kamera. Mwanga huo hugonga mboni na kurudi kama kinukta. Jicho likigeuka, nafasi kati ya kinukta hicho na kitovu cha jicho hubadilika, na kompyuta hupiga hesabu kujua mtu anatazama wapi. Kosa lake, kifaa kikiwa kizuri na kimepimwa vyema, ni kama nyuzi 1. Kwa mtu aliye sentimita 60 kutoka kwenye skrini, hiyo ni sentimita 1 hivi. Ndiyo maana vitufe vya skrini za watu hawa huwa vikubwa kama vigae.

Mwendeshaji hutazama kitufe cha "inua mkono" na kutuliza jicho hapo kwa muda mfupi, kati ya nusu sekunde na sekunde nzima. Roboti huko Tokyo huinua mkono. Akitaka kusema na sauti hana, huandika maneno herufi kwa herufi kwa macho yaleyale, na kompyuta huyasoma kwa sauti ya bandia. Si waendeshaji wote walio katika hali hiyo. Wengine wana sauti zao, na wengine hutumia kidole kimoja, kidevu au swichi. Kila mwili unaulizwa una nini kilichobaki, na kifaa kinafuata.

Jicho lina kazi yake

Hapa ndipo ugumu ulipo, na wenye pikipiki watauelewa upesi kuliko wengine. Dereva wa bodaboda akikodolea macho shimo, pikipiki nayo huelekea shimoni. Wakongwe huwafundisha vijana watazame njia, wasitazame shimo.

Sasa fikiria roboti ambayo usukani wake ni jicho lenyewe. Mwendeshaji akitazama mtoto anayepita, roboti inamfuata mtoto. Akitazama picha ukutani, roboti inaelekea ukutani. Jicho limeumbwa kutazama, na mtu hatazami kwa amri. Hutupa jicho huku na kule bila kukusudia, mara kadhaa kwa kila sekunde. Kiungo hicho kikipewa kazi ya pili ya kuendesha, kazi zote mbili huharibika. Ule muda wa kutuliza jicho umewekwa kwa sababu hiyo. Ukiwa mfupi mno, amri zisizokusudiwa huwa nyingi, na ukiwa mrefu mno, mteja anangoja na jicho linachoka na kukauka.

Mambo huwa magumu zaidi pale mwendeshaji anapovaa miwani ya skrini inayofunika uso mzima, ambayo humfanya ajione kama yuko ndani ya roboti na kuona kila upande kwa kugeuza kichwa. Mwaka 2019 watafiti waliofanya majaribio ya aina hiyo, miongoni mwao wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark, walichapisha matokeo yao. Watu 16 waliendesha roboti wakiwa wamevaa miwani hiyo, mara kwa mkono na mara kwa macho. Kwa macho walikuwa wazito kwa asilimia 31, waligonga vitu zaidi na kupotoka njia zaidi. Walipoulizwa baadaye kuchora ramani ya mahali walipopita, waliotumia macho walikumbuka vibaya zaidi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba hisia ya kuwa pale haikupungua. Walijiona wako ndani ya chumba kile sawasawa na wenye kutumia mkono. Walichopoteza ni utawala wa kile walichokuwa wakikifanya.

Miwani hiyo ina karaha nyingine. Macho yanaona mwili unasogea ilhali sikio la ndani, lenye kazi ya kupima mizani, linasema mwili umetulia. Wengi huishia kusikia kichefuchefu, sawa na msafiri anayetapika kwenye basi la njia ya kona, ila huyu anatapikia kitandani kwake. Kwa mgonjwa anayepumua kwa mashine hilo si jambo la kuchekea. Mgahawa wa Tokyo unawatosheleza wengi kwa skrini ya kawaida, na pengine wamefanya vyema.

Maksai waliofunzwa

Dawa iliyopatikana mkulima anaijua. Mwenye maksai wapya hushinda akipiga kelele, kulia, kushoto, simama. Mwenye maksai waliozoea shamba hutoa sauti moja tu mwisho wa mfereji, na wanyama hugeuka wenyewe na kuingia mfereji unaofuata. Amri ni chache kwa sababu wanaoamriwa wanajua kazi.

Roboti hizi zinafundishwa vivyo hivyo. OriHime-D haiongozwi hatua kwa hatua kati ya meza. Hufuata njia iliyowekwa sakafuni, na mwendeshaji huchagua tu iende meza ipi. Macho na maneno yake yanabaki kwa mteja, na hicho ndicho mteja alichokuja kukinunua.

Mfano ulio wazi kuliko yote ulitoka Uswisi. Katika chuo cha EPFL mjini Lausanne, timu ya José del R. Millán iliwavalisha watu kofia yenye vipokezi vya umeme wa ubongo. Mtu alifikiria anasogeza mkono wa kushoto au wa kulia, na mashine ikatambua tofauti. Watu 9 wenye ulemavu mkubwa na 10 wasio na ulemavu waliendesha kwa njia hiyo roboti iliyokuwa chuoni, wengine wakiwa nchi nyingine, mahali ambapo hawakuwahi kukanyaga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015.

Umeme wa ubongo unaopimwa juu ya ngozi ya kichwa ni hafifu na taarifa zake huja taratibu. Kwa amri za aina hiyo peke yake roboti ingegonga kiti cha kwanza. Kilichoiokoa ni vifaa vyake vya kupima umbali. Mtu alisema "kushoto", roboti ikatafuta yenyewe namna ya kwenda kushoto bila kugonga kitu. Kwa msaada huo, wenye ulemavu walifanya kazi kwa kiwango kinachokaribiana na cha wenzao wazima.

Hata pale ambapo mwendeshaji ana mikono, mikono hiyo mara nyingi ina shughuli nyingine. Novemba 2022 mjini Long Beach, California, yalifanyika mashindano ya mwisho ya ANA Avatar XPRIZE, yenye zawadi za jumla ya dola milioni 10 za Marekani. Roboti ilitakiwa itembee, ishike vifaa na hata kutambua jiwe kwa kulipapasa, huku mwenye kuiendesha akiwa chumba kingine. Timu ya NimbRo ya Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, ilishinda dola milioni 5. Mikono ya mwendeshaji wao ilikuwa ndani ya vifaa vya kuendeshea mikono ya roboti, kwa hiyo mwendo wote ulifanywa kwa mguu, juu ya kibao kinachoinama upande anaotaka kwenda. Fundi cherehani hatashangaa, kwani mguu wake una kazi wakati mikono imeshika kitambaa.

Bei inashuka, lakini

Henry Evans wa California alipooza mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 40, akapoteza na sauti. Alichobakiwa nacho ni kichwa na kidole. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba, kwa kifaa kinachofuata kichwa, ameiendesha roboti ya PR2 ya kampuni ya Willow Garage ikamkuna na kumnyoa ndevu. Kwa mtu aliyekaa miaka tisa akingoja mwingine amkune pua, hilo lilikuwa jambo kubwa.

PR2 iliuzwa dola 400,000. Roboti ya Stretch ya kampuni ya Hello Robot, ambayo mwanzilishi mwenza wake Charlie Kemp alikuwa mmoja wa waliofanya kazi na Evans, iliingia sokoni mwaka 2020 kwa bei ya chini ya dola 20,000. Ni nyembamba, ina mkono mmoja tu, na Evans ameitumia nyumbani kwake. Punguzo hilo la bei halikutokana na muujiza wowote. Waliondoa kila kiungo ambacho kazi za nyumbani hazikihitaji.

Dola 20,000 bado ni bei ya gari. Duka la kawaida haliwezi kununua roboti kwa ajili ya kuuza chai, na hata Japani hesabu hiyo haisimami juu ya kahawa peke yake. Inasaidiwa na sheria.

Kampuni za Japani zinatakiwa kuajiri watu wenye ulemavu kwa kiwango maalumu. Kilikuwa asilimia 2.2 ya wafanyakazi mwaka 2018, kikapanda hadi 2.3 mwaka 2021, na 2.5 Aprili 2024. Kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 100 isiyofikia kiwango hulipa tozo ya yeni 50,000 kila mwezi kwa kila nafasi iliyopungua. Mwajiri anayefikiria tozo hiyo mwaka baada ya mwaka huanza kuona roboti ya mapokezi kwa jicho jingine. Mwaka 2020 kampuni ya baga ya MOS Burger ilijaribu OriHime kwenye kaunta mjini Tokyo, ikipokea oda za wateja wasio na haraka.

Sheria hiyo ilibadilishwa pia kwa jambo ambalo wenye kuendesha kwa macho wanalihitaji sana. Kabla ya hapo mtu alihesabiwa katika kiwango ikiwa anafanya kazi angalau saa 20 kwa wiki. Kuanzia Aprili 2024, mwenye ulemavu mkubwa anayefanya kazi kuanzia saa 10 lakini hazifiki 20 huhesabiwa kama nusu ya mfanyakazi. Saa 20 za kutazama vitufe kwa jicho ni nyingi kwa mgonjwa.

Kuna fundo jingine lililokaza zaidi, na halihusu mashine. Mgonjwa wa namna hii hawezi kukaa peke yake. Lazima awepo msaidizi wa kumgeuza, kumtoa makohozi kooni na kurekebisha kamera ikisogea. Serikali ya Japani hulipia wasaidizi hao nyumbani, lakini kwa miaka mingi utaratibu ulikataza huduma hiyo kutumika wakati mgonjwa yuko kazini, kwa hoja kwamba kazi ni shughuli ya kumletea mtu kipato. Maana yake ni kwamba aliyefungua kompyuta na kuanza kupata yeni 1,000 kwa saa aliweza kupoteza msaidizi kwa saa hiyohiyo. Oktoba 2020 ulianzishwa mpango maalumu unaowezesha waajiri na serikali za mitaa kubeba gharama hiyo, lakini unafika pale tu ambapo serikali ya mtaa husika imeukubali.

Roboti ilikuwa tayari, macho yalikuwa tayari, karatasi ndizo zilizochelewa.

Mtandao na bando

Roboti ya mbali inaishi kwa intaneti. Picha ya kuridhisha ya video huhitaji megabiti 1 kwa sekunde au zaidi. Megabiti 1 kwa sekunde ni sawa na megabaiti 450 kwa saa, na hiyo ni kwa upande mmoja tu. Zamu ya saa 3 hula gigabaiti 1.35, na picha ikiwa safi zaidi hesabu huongezeka mara mbili au tatu. Mwenye kununua bando la siku anaweza kupiga hesabu yake mwenyewe aone kama ujira unabaki.

Kasi peke yake haitoshi. Roboti inayotembea mita 1 kwa sekunde, picha yake ikichelewa nusu sekunde, imekwishasogea nusu mita kabla mwendeshaji hajaona kilicho mbele. Nusu mita inatosha kumwagia mteja chai ya moto. Kwa sababu hiyo roboti nzuri husimama yenyewe mawasiliano yakikatika, na anayenunua kifaa cha namna hiyo anapaswa kuuliza jambo hilo kabla ya kuuliza bei.

Wapo pia wanaouliza kama kazi zinazopitia waya zitabaki kwa wale waliokusudiwa. Si swali la kupuuza. Roboti za kampuni ya Telexistence, zinazopanga chupa za vinywaji katika maduka ya FamilyMart nchini Japani, husaidiwa zinapokwama na vijana walioko Ufilipino, ambao wana mikono yao kamili na mishahara yao ni midogo kuliko ya Tokyo. Mwajiri anayetafuta unafuu tu atakwenda huko. Mhudumu wa jicho hashindani kwa kasi na hawezi kushinda kwa kasi. Anashinda pale ambapo mteja anataka mazungumzo, maelezo na uvumilivu, na pale ambapo sheria inamhesabu.

Kilichofika mfukoni

Kwa Tanzania, Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuhakikisha angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Anayeanguka kutoka juu ya mnazi au kutupwa na pikipiki akaumia shingo, mara nyingi hubaki na akili ileile iliyokuwa ikiendesha duka, ikipanga bei na kukumbuka madeni ya kila mteja. Kwa huyo roboti iko mbali, lakini njia za kuamuru mashine bila mkono zimekwishafika kwenye simu.

Tangu mwaka 2021 simu za Android zimekuwa na programu inayoruhusu kamera ya mbele kusoma uso. Mtumiaji hufungua mdomo, huinua nyusi, hutabasamu au hutazama pembeni, na kila ishara inafanya kazi ya kitufe alichokipanga mwenyewe. Mwaka 2023 Google ilitoa bila malipo programu iitwayo Project Gameface inayogeuza kichwa na uso kuwa kipanya cha kompyuta. Mwaka 2024 Apple iliweka usomaji wa macho ndani ya iPhone kwa kutumia kamera iliyopo tayari, bila kifaa cha ziada.

Anayetaka kumjaribishia ndugu yake aanze na ishara moja tu, ile inayomchosha kidogo kuliko zote, na aipe kazi moja, kama vile kupokea simu. Simu isimikwe kwenye kishikio imara usawa wa uso, sentimita 30 hadi 60, mwanga wa dirisha ukitoka mbele ya mtumiaji na si nyuma yake, maana mwanga wa nyuma hufanya uso uwe kivuli na kamera isione kitu. Siku za kwanza zisizidi dakika 10 kwa mara moja. Ishara ya pili iongezwe pale ya kwanza inapokubali bila kukosea.

Katika mgahawa wa Nihonbashi ipo roboti nyingine, ya mikono miwili, iliyopewa kazi ya kutengeneza kahawa yenyewe. Miongoni mwa waliowekwa kuiendesha ni mtu aliyekuwa mtengeneza kahawa kwa taaluma kabla ALS haijamchukua mikono. Mikono ya roboti hushika kijiko na birika kama ilivyofundishwa. Yeye, kutoka nyumbani, humuuliza mteja anapenda kahawa chungu au laini, kisha humchagulia buni.